Macho ya Sponji

Koyama, 9 Oktoba 2022

Fahad mwanangu,

Salamu zangu zikukute salama huko kwenye baridi, wewe na mkeo Khairat. Sisi huku tu wazima. Zakia binti yangu anakusalimu na anasema ushungi uliomwahidi ataolewa na kuzeeka kabla haujafika. Mzee Nassor wa madrasa anakusalimu. Mbuzi wangu kazaa mapacha, wote wawili wana tabia mbaya.

Rawda wetu kila akinitafuta kutoka Mombasa ananiambia niache kuandika, nikupigie simu kama watu. Mtandao wa hapa unashika ukipanda juu ya tangi la msikiti, na mimi kwa magoti haya sipandi tangi. Tena kwenye simu nalia kabla sijasema neno. Karatasi inanivumilia. Nitampa nahodha Abdulqadir aifikishe Kismayo, na kutoka hapo Rawda anajua watu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kuna mvuvi mmoja hapa, jina lake silitaji. Anavua kwa mshipi kwenye miamba ya Darakasi. Ndoana ikinasa kwenye matumbawe, hakati uzi, anajitosa kuifuata. Angekuwa kijana ningenyamaza, lakini huyu si kijana. Mwezi uliopita alipanda chomboni damu inamtoka sikioni. Daktari wa Kismayo kamwambia akizama tena sikio litakwenda, na siku moja atakwenda na yeye. Akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, akarudi Koyama akazama. Ni mbishi. Ukoo wao wote wabishi, mimi nawajua.

Rawda ananiambia kazi yako huko ni kufunga nzi. Nilimwambia arudie. Huku nzi tunawafukuza, wewe wanakulipa uwafunge? Akanieleza kwamba ni chambo cha kudanganyia samaki. Basi kama wewe ni fundi wa ndoana, nitengenezee moja isiyonasa kwenye mwamba. Huyu mvuvi nikimwambia asizame, hanisikii. Labda ndoana itamsikilizisha.

Mimi shangazi yako,
Zuleikha

*

Glasgow, 20 Novemba 2022

Shangazi yangu,

Barua yako imefika imelowa pembe moja, nikainusa, nikasikia harufu ya nyumba yako. Khairat kanicheka. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Nisalimie Zakia, ushungi wake umo humu ndani, asiseme tena. Nisalimie Mzee Nassor. Nisalimie mbuzi na wanawe. Na wengine wote ambao salamu zangu zinaruhusiwa kuwafikia.

Kuhusu huyo mvuvi, sitakuuliza jina. Kazi yangu ni kama ulivyoambiwa: manyoya ya kuku na bata, uzi mwembamba, ndoana ndogo iliyobanwa kwenye jiliwa la mezani, nami nafunga kutwa. Wenyewe wanakiita nzi hata kikiwa na sura ya kidagaa. Nimekizoea. Wewe ulinifundisha kushona kofia kabla sijajua kusoma, kwa hiyo vidole havikupata taabu.

Sasa sikiliza. Wavuvi wa maziwa ya huku wana chambo kimoja cha ajabu. Wanatumia uzi mzito unaozama mpaka chini kabisa, lakini chambo chenyewe kinaelea. Mbele, karibu na tundu la ndoana, kinafungwa vipande viwili vya sponji isiyonywa maji, huku na huku, kama macho ya kamba wa baharini. Uzi unalala chini, na chambo kinapanda juu yake kidogo na kusimama hapo, hakigusi kitu. Ukivuta, kinainamisha kichwa na kushuka. Ukilegeza, kinapanda tena. Samaki hawezi kuvumilia kitu kama hicho.

Nimewaza: badala ya uzi mzito, huyo mvuvi ana mshipi wake na jiwe. Jiwe liguse mwamba, ndoana ielee juu ya mwamba. Jiwe lenyewe lifungwe kwa uzi dhaifu, likinasa likatike, hakuna mtu wa kulifuata jiwe.

Nimeweka vichache kwenye kikopo, kwa ndoana kubwa za bahari. Vyekundu na vyeupe. Mwambie ni kazi ya fundi fulani tu.

Mwanao,
Fahad

*

Koyama, 2 Februari 2023

Fahad wangu,

Tu wazima, Zakia kavaa ushungi wake mpaka jikoni, na mbuzi mmoja kala ukingo wa mkeka wangu mpya. Mzee Nassor alianguka msikitini lakini hakuumia, aliumia heshima.

Vitu vyako vilifika. Sasa nikueleze yaliyotokea, na usicheke, maana mimi nilikuwa karibu kulia. Wewe umesahau kwamba ndoana zinazotoka Kismayo huja zimechomekwa kwenye vipande vya sponji ili zisimchome mtu mfukoni. Mvuvi wetu kafungua kikopo, kaona ndoana ina sponji, kachukua wembe kayakata macho yote, moja baada ya moja, vizuri kabisa, akayatupa. Akaenda Darakasi na manyoya matupu.

Zilinasa zote. Na yeye akazifuata zote. Alirudi pamba iko sikioni, imeshakuwa nyekundu. Akanirushia kikopo mlangoni: "Mwambie huyo fundi wako kichu chake ni manyoya ya kuku. Mchu mzima havui kwa manyoya ya kuku."

Nikamuuliza macho yako wapi. "Macho gani?" Nikamsomea barua yako, pale penye macho ya kamba. Akaokota kikopo, akakigeuza. Kisha akasema, "Fundi angeandika juu ya kikopo." Hiyo ndiyo samahani yake, mwanangu, usitegemee nyingine.

Fahad, mimi si mjinga. Najua ukipata barua yangu unapitia majina kwenye salamu na unaona lipi halipo. Amri ya babako iko pale pale. Alisema, aliyeondoka bila kuaga, salamu zake zisiingie nyumbani mwangu, na zangu zisitoke kwenda kwake. Tangu siku aliyokutuma Burgao kuleta pamba ya kalafati ya kuzibia chombo, ukapitiliza mpaka Ulaya, kaka yangu Ghalib hajalitamka jina lako. Nimemlilia, nimemnunia, nimemtumia Mzee Nassor na aya zake. Hakuna.

Lakini hayo ni ya babako. Habari ya huyu mvuvi ni nyingine kabisa, usizichanganye. Tuma vingine, na safari hii andika juu ya kikopo.

Shangazi,
Zuleikha

*

Glasgow, 5 Machi 2023

Shangazi,

Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni, Mungu atufikishe. Khairat anakuomba umwombee dua, hajambo lakini anachoka. Mwambie Mzee Nassor pole ya heshima. Mbuzi nisalimie yule ambaye hakula mkeka.

Nilicheka, samahani. Nilicheka halafu nikaacha, kwa sababu ya ile pamba nyekundu.

Naleta vingine, na juu ya kikopo nimeandika kwa wino mkubwa: MACHO YASIKATWE. Mwambie hivi. Yote yako kwenye urefu wa uzi kati ya jiwe na ndoana. Ukiwa mfupi, ndoana itakaa ndani ya matawi ya mwamba na kunasa kama zamani. Ukiwa mrefu, mkondo utaulaza, na ndoana itakwenda kugusa mwamba wa jirani. Pale Darakasi, upande wa kaskazini, matawi si marefu. Nimepiga hesabu: shibiri tatu za mkono wangu. Kwa huyo mvuvi ni shibiri mbili na vidole vitatu, maana kiganja chake ni kipana kuliko changu, na kile kidole chake cha mwisho hakinyooki vizuri tangu kilipobanwa na nanga. Apime kwa mkono ule mwingine.

Ajaribu kwanza kwenye maji haba, aone kinavyosimama. Asione haya kuchungulia. Mimi siku ya kwanza nilikijaribu kwenye ndoo ya kudekia.

Jambo jingine, la kwangu. Karatasi zangu zimetoka hatimaye. Nina pasi, ya buluu, picha yangu ndani nimenuna. Naweza kusafiri. Nimeiweka kabatini chini ya mashuka. Siku zile nilipokuwa sina nilikuwa najiambia siendi kwa sababu sina. Sasa ninayo na bado siendi, maana siwezi kupiga hodi kwenye nyumba ambayo hata salamu yangu haipiti. Ningesikia salamu moja tu kutoka kwake ningekuja kesho. Hilo nakwambia wewe peke yako, usimsomee mtu.

Mwanao,
Fahad

*

Koyama, 30 Aprili 2023

Mwanangu mpenzi,

Idd imepita, Mungu aipokee saumu yenu. Nilipika mkate wa sinia nikakuwekea kipande mpaka kikaota ukungu, ndivyo ninavyofanya kila mwaka. Zakia ni mzima. Khairat namwombea, na sitauliza anachoka kwa nini, mtaniambia mkipenda.

Fahad, umefanya nini?

Ile barua niliisoma kwa sauti. Mvuvi alikuwa amesimama barazani kwangu, na mimi miwani yangu ni mibovu, nasoma neno kwa neno bila kujua linalofuata. Nikafika kwenye shibiri. Nikasoma kiganja. Nikasoma kidole kilichobanwa na nanga. Ndipo nikasikia ninachokisoma, nikanyamaza. Lakini kilikuwa kimeshatoka.

Katika barua zangu zote, mimi sijakwambia ni mkono wa nani.

Akaketi. Akaweka mkono wake juu ya mkeka, akautazama kama anautazama mara ya kwanza, na kile kidole kimekunjika vilevile. Kisha akachukua uzi, akapima kwa mkono ule mwingine, shibiri mbili na vidole vitatu, akakata. Akaondoka bila kuaga. Na mimi nilitaka kumwambia: unaona, na wewe unaondoka bila kuaga. Nikaogopa.

Ya pasi yako sikuyasoma kwa sauti. Niliyasoma peke yangu jikoni, na nililia, kwa hiyo ni kama simu tu.

Sasa habari za ndoana. Kwenye maji haba kimefanya kazi. Zakia alikwenda kuona, anasema kilisimama juu ya mwamba kikimtazama. Alivua changu watatu kwa asubuhi moja na hakikunasa hata mara moja. Lakini alipohamia kwenye kina, kule chewa wanakokaa, kilinasa tena. Alipokivuta juu macho yalikuwa yamesinyaa kama zabibu. Akasema, "Maji ya chini yameyabana." Hakuzama, Fahad. Alikata uzi. Kaka yangu hajawahi kukata uzi tangu nimjue, na mimi nimemjua tangu nizaliwe.

Basi nimeshamtaja. Tumechoka kujificha nyuma ya mvuvi. Lakini yeye bado anasema "huyo fundi", na mimi namwacha. Huyo fundi afanye nini kuhusu macho?

Shangazi yako,
Zuleikha

*

Glasgow, 11 Juni 2023

Shangazi,

Sisi wazima. Ile ya Machi ilikuwa kazi tu, lakini sasa Khairat anachoka kwa sababu ile unayoidhani. Mungu akipenda, kabla ya Ramadhani nyingine. Mwambie Zakia, na umwambie asitangaze, yaani umwambie Zakia tu na kisiwa kizima kitajua.

Nimeisoma barua yako ndani ya basi nikapitishwa kituo changu. Sikukusudia kuandika vile. Kalamu ilikwenda. Nilikuwa nauona mkono wake kabisa.

Kwa macho, yeye amesema kweli. Sponji yetu ni laini, ina vipovu vya hewa ndani, na huku maziwa hayana kina kirefu. Kwenye bahari maji yanaikamua. Nimejaribu sponji zote za karakana. Nilizifunga kwenye chupa ya maji na kuibana kwa kifuniko chenye pampu ya hewa, zote zilisinyaa. Inatakiwa kitu kigumu zaidi, lakini chepesi.

Halafu juzi nilikuwa nimekaa kitandani natazama miguu ya Khairat. Champali. Zile ndala za mpira. Soli yake ni ngumu, hainywi maji, haibonyei. Na ufuo wa upande wa pili wa Koyama umejaa champali zilizoletwa na bahari, nadhani mpaka leo, za mguu mmoja mmoja. Okoteni. Kateni kipande kidogo, ukubwa wa kokwa ya tende, mkiviringe kwa wembe, mkifunge kwa uzi wako wa kofia kwa kupishanisha namba nane, kisha mtie gundi. Kabla ya kwenda nacho baharini, kiacheni kwenye sufuria ya maji toka magharibi mpaka asubuhi. Kikiwa bado juu, kinafaa.

Siombi salamu. Muulize tu kama sikio bado linauma.

Mwanao,
Fahad

*

Glasgow, 20 Agosti 2023

Shangazi,

Sijapata kitu kutoka kwako. Rawda anasema Abdulqadir amekuja Kismayo mara mbili mikono mitupu. Nilidhani ni upepo wa kusi, lakini barua za wengine zinapita. Kama nimeudhi, niambie nimeudhi nini. Kama ni sikio, au ni zaidi ya sikio, niambie vilevile. Usinifiche. Silali vizuri.

Fahad

*

Koyama, 17 Septemba 2023

Fahad mwanangu,

Hakuna aliyekufa. Naanza na hilo kwa sababu najua unalitafuta. Sikio limekauka, na hajazama tangu kabla ya Idd. Kimya kilikuwa changu mimi. Nilikasirika, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, maana hasira yangu ina maneno mengi.

Tuliokota champali ufuoni, mimi na Zakia, gunia zima. Nyingi zimeliwa na jua, ukikata zinamomonyoka kama mkate wa jana. Ghalib alijaribu. Moja ilikunywa maji, nyingine ilipasuka uzi ulipokazwa. Alichukia. Akasema kazi nzuri haitaki takataka za bahari.

Sasa unakumbuka champali zako za buluu? Siku ile ulivaa viatu vya kufunga kwenda Burgao, ukaziacha mlangoni kwake. Mwanangu, ziko hapo mpaka leo. Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Anayefagia anazizungukia. Mgeni akitaka kuzitia mguuni aende chooni, anakemewa. Mimi sikuwahi kujua ni hasira au ni nini. Nilizizoea kama nilivyozoea mlango.

Asubuhi moja nikapita, ya kushoto haipo. Nikamkuta uani na wembe, ameikata vipande, buluu imetapakaa kwenye mchanga. Fahad, nilimwambia maneno ambayo dada mdogo hamwambii kaka yake. Nilimwambia umemtoa mwanao nyumbani mara ya pili. Yeye anakata tu. Nikaondoka, nikawa sipeleki chakula, sipeleki salamu, sipokei samaki wake. Samaki wanaletwa, nawapa paka. Hata wewe nikakunyima barua, maana ningeandika nini? Kwamba kitu cha mwisho chako mlangoni kwake amekigeuza chambo?

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua sinia yangu. Nilikusudia kuingia na kutoka. Mlangoni nikaona ya kulia. Imeoshwa. Imesuguliwa kwa brashi mpaka kwenye kile kikanda chake, na imewekwa juu ya kipande cha mkeka ili isikae kwenye mchanga. Nikasimama hapo na sinia yangu. Yeye akasema kutoka ndani, "Moja imetosha kazi. Ya pili ya mwenyewe. Akija atajua mwenzake alikwenda wapi."

Nilikaa kizingitini.

Akatoka akaniletea kile kitu alichokitengeneza. Macho mawili ya buluu, mazuri, yameviringana, na fundo lako la namba nane amelifunga vizuri kuliko mimi, nakiri. Anasema kwenye kina kinasimama wima na hakijasinyaa hata kidogo. Chewa aliyempata kwa hicho Zakia alimburuta mchangani kwa mkia, hakuweza kumbeba. Mtaa mzima ulikula, na mimi nilikula, paka hakupata.

Jana jioni kaja barazani kwangu, kaketi mahali pake. Akaniuliza, "Huyo fundi hujamjibu?" Nikasema sijamjibu. Akasema, "Mwandikie." Nikachukua kalamu, nikavaa miwani. Alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema maneno haya, nami nayaandika yalivyotoka:

"Mwambie ile pamba ya kalafati mpaka leo sijaipata. Na chombo kinavuja."

Nikamuuliza, kaka, hii niandike kwamba ni salamu? Akasema, "Andika ulivyosikia."

Basi nimeandika.

Shangazi yako anayekupenda,
Zuleikha

*

Glasgow, 8 Oktoba 2023

Baba,

Nakubusu mkono, ule wenye kidole kisichonyooka.

Shangazi atakusomea barua hii. Namwomba avae miwani mapema na asilie kabla ya kufika mwisho.

Pamba ninayo. Rawda amenitafutia Mombasa, ile nyeupe ya nyuzi ndefu, ndiyo uliyoitaka. Naipitia mwenyewe. Mwezi wa Desemba, inshallah, nitakuwa Kismayo na mkwe wako Khairat, na Abdulqadir amekubali kutuleta. Atakayekuwa na njaa njiani ni yeye Khairat, maana anakula kwa ajili ya watu wawili.

Chombo usikishushe majini mpaka nifike. Tutakikalafati pamoja. Kikopo cha ndoana ninazokuletea sitakiandika kitu, utajua mwenyewe.

Champali ya kulia niwekee hapo hapo. Ya kushoto sina haja nayo, Baba, kama ndiyo inayokuzuia kuzama.

Nimechelewa kurudi. Burgao ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani.

Mwanao,
Fahad